Mazutu yasipofika kwenye pampu: dizeli kuukuu katika baridi ya Lubumbashi

Kila mwaka, Juni inapoingia, magari makuukuu ya dizeli ya mji huu huanza kusumbua asubuhi. Lubumbashi iko kwenye mwinuko wa takriban mita 1,200, usiku wa kiangazi hauna mawingu ya kuzuia joto la mchana lisipotee, na alfajiri kipimajoto mara nyingi hushuka chini ya nyuzi 10. Land Cruiser yenye injini ya 1HZ, dizeli ya Toyota, ambayo mwezi Machi iliwaka papo hapo, sasa huzungushwa mpaka betri inachoka; ikiwaka hutetemeka, huzima, kisha huwaka tena baada ya kubembelezwa. Mwenye gari akifika garajini, mara nyingi hupokewa na hukumu moja kuhusu pampu inayosukuma mazutu, yaani mafuta ya dizeli, kwenye injini: «Papa, pampu imekufa.» Naandika kwa sababu nasadiki kwamba mara nyingi pampu hiyo ni nzima, na kwamba familia inayoishi kwa gari hilo haistahili kulipia matengenezo yake wakati kasoro iko kwenye kipande cha mpira cha bei ndogo.

Tuanze kwa kuweka kando maelezo yanayotokana na vitabu vya nchi za theluji. Huko, mazutu ya majira ya joto yakikutana na baridi iliyo chini ya sifuri, parafini iliyomo hugeuka chembechembe za nta na kuziba filta. Ndiyo maana kiwango cha Ulaya cha EN 590 kinayapanga mazutu katika madaraja, kuanzia A, yanayopaswa kupita kwenye chujio hadi nyuzi +5, mpaka F, yanayopaswa kupita hadi nyuzi −20. Baridi ya kawaida ya hapa kwetu haifiki kwenye kiasi cha kuleta shida hiyo. Kwa hiyo kuweka makaa chini ya tangi ni kuhatarisha maisha bila faida, na kuchanganya esanse (petroli) ndani ya mazutu ni kuiumiza pampu yenyewe, kwa kuwa pampu ya aina hii hulainishwa na mazutu yaleyale inayoyasukuma.

Jambo la kuelewa ni jinsi mazutu yanavyosafiri. Katika 1HZ, kama katika dizeli nyingi za umri wake, hakuna pampu ndani ya tangi. Pampu ndogo ya mapanga, iliyofichwa ndani ya pampu kuu, hunyonya mazutu kutoka nyuma ya gari, kupitia bomba refu lililo chini ya chasisi, kupitia filta, mpaka yenyewe. Njia yote hiyo ni njia ya kunyonywa. Kwa sababu hiyo, injini inapofanya kazi, penye ufa mazutu hayadondoki, bali hewa ndiyo inayoingia. Mwenye gari huinama, huona sakafu kavu, huamini kwamba hakuna kinachovuja, na fundi mwenye haraka humwamini. Baridi nayo huongeza mzigo: mazutu huwa mazito kidogo na kuhitaji kunyonywa kwa nguvu zaidi, mipira iliyozeeka hukakamaa na kuacha nafasi kwenye viungo, na betri huzungusha injini polepole. Ufa uliokuwa kimya mwezi Machi hujitangaza Julai.

Kabla ya kufungua chochote, tazama moshi wakati injini inazungushwa. Moshi mweupe ukitoka, mazutu yanafika lakini hayawaki. Hapo chunguza buji za kupasha joto, yaani plagi zinazopasha injini kabla ya kuwaka, moja baada ya nyingine, baada ya kuondoa ukanda wa chuma unaoziunganisha. Unganisha taa ndogo na chanya ya betri, kisha gusisha waya wake wa pili kwenye kichwa cha buji: taa isipowaka, buji hiyo imekatika. Usitafute njia ya mkato kwa kupuliza etha kwenye injini yenye buji za moto, kwa maana inaweza kulipuka.

Moshi usipotoka kabisa, washa ufunguo na usikilize mlio mdogo wa valvu ya umeme iliyo juu ya pampu, kwa sababu waya wake ukilegea pampu haipitishi kitu. Ikilia, bonyeza pampu ya mkono iliyo juu ya filta mpaka iwe ngumu. Gari likiwaka mara moja baada ya hapo, umepata ushahidi mkubwa: usiku mazutu yalirudi tangini na hewa ikachukua nafasi yake.

Kipimo ninachokithamini kuliko vyote ni kipande cha tuyo angavu, yaani mpira wa bomba unaoonyesha ndani, kinachofungwa kati ya filta na pampu. Viputo vichache mwanzoni ni vya kawaida. Vikiendelea baada ya dakika kadhaa, hewa inaingia. Kisha chukua bidoni (dumu) safi yenye mazutu, na uipeleke tuyo yake kwenye mlango wa filta. Viputo vikikoma, tatizo liko kati ya filta na tangi, na mara nyingi ni bomba la chuma lililoliwa na kutu pale udongo mwekundu wa barabara zetu unapoganda. Vikiendelea, chunguza pete ya mpira ya filta na utando wa pampu ya mkono, ambao hupasuka mahali pasipoonekana. Usisahau vituyo vyembamba vya kurudisha mazutu kati ya enjekta, yaani vipuli vinavyonyunyizia mazutu ndani ya injini.

Gari linalowaka vizuri lakini likaishiwa nguvu kwenye mpando wa njia ya Likasi lina shida nyingine, yaani kuziba. Fungua kifuniko cha tangi: kikivuta hewa kwa sauti na nguvu zikarudi, tundu lake la kupumulia limejaa vumbi. Mwaga pia maji yaliyo chini ya filta, hasa ukinunua mazutu kwa bidoni kando ya barabara.

Ni baada ya gari kukataa kuwaka hata kwa mazutu ya bidoni, bila kiputo hata kimoja na buji zote zikiwa nzima, ndipo ninapokubali pampu ifunguliwe, na hapo mwenye gari aipeleke kwa fundi aliye na mashine ya kuipimia.