Kutoka slivu kwenda baipasi: nilivyojiandaa kwa upasuaji wa pili

Daktari wa kwanza niliyemwendea Kampala alinisikiliza kidogo, akasema slivu yangu, yaani tumbo langu lililopunguzwa kwa upasuaji ili nipungue uzito, imetanuka, akavuta kitabu cha miadi anipangie tarehe ya kupasuliwa tena. Hakuwa amenitazama tumboni kwa kamera, wala hakuuliza karatasi za upasuaji wa kwanza. Nilimshukuru, nikaaga, na sikurudi tena. Haya ninayoandika ni yale niliyoyafanya tangu pale hadi nilipoingizwa thieta, chumba cha upasuaji, na daktari mwingine. Nawaandikia hasa wanawake wenzangu wa huku Busia, Tororo na Mbale ambao slivu zao zinawasumbua na hawajui waanzie wapi.

Mimi ni mfanyabiashara wa vitenge hapa mpakani mwa Uganda na Kenya. Slivu nilifanyiwa India miaka kadhaa iliyopita, wakati sukari ilikuwa imeanza kunishinda na magoti hayanibebi. Katika slivu wanakata na kutoa karibu asilimia 80 ya tumbo la chakula, wanakuachia mrija mwembamba kama ndizi. Kilichotolewa hakirudi. Na kwangu ilifanya kazi: uzito ulishuka, sukari ikatulia, nikawa navuka mpaka na mzigo wangu bila kupumzika njiani. Upasuaji ule siwezi kuusema vibaya.

Kilichokuja baadaye ni kiungulia. Usiku asidi ilipanda mpaka kooni, naamka nimekabwa, nakohoa hadi watoto wanaamka. Nikawa nalala nimeketi. Kisha uzito ukaanza kurudi, na maneno ya watu nayo yakaanza: hajui kujizuia, amerudia kula. Hakuna aliyeuliza ninakula nini na kwa nini. Nyama, posho (ugali) na maharagwe vilikuwa vinaniumiza vikishuka, kwa hiyo nikabaki na vile vinavyoteleza: uji wa sukari, chai ya maziwa, mandazi yaliyolowekwa. Vitu hivyo havikai kwenye slivu, vinapita tu, na baada ya muda mfupi njaa imerudi. Ukimwona mwenye slivu ananenepa tena, muulize kwanza kama analala vizuri usiku.

Daktari wa pili alikuwa na msimamo mmoja. "Mama, sikupasui mpaka nijue ile ya kwanza imekwama wapi," alisema. "Kama ni asidi, tiba yake ni hii. Kama mrija umetanuka, ni nyingine. Na kama ni chakula tu, kisu hakitakusaidia." Hapo nikatulia.

Kitu cha kwanza alichotaka ni ripoti ya upasuaji. Nilimpa karatasi niliyopewa siku ya kuruhusiwa kutoka hospitali, akatikisa kichwa. Ile huwa na dawa na tarehe za kurudi kliniki. Ripoti ya upasuaji ni karatasi tofauti: inaeleza walitumia mrija wa kupimia wa unene gani, walianza kukata umbali gani kutoka mlango wa chini wa tumbo, walikuta nini kingine ndani, kama kulikuwa na kuvuja pale walipokata au damu nyingi. Mtoto wa dada yangu alinisaidia kuiandikia barua pepe hospitali ya India, tukaweka namba ya mgonjwa iliyokuwa kwenye risiti ya zamani na nakala ya pasipoti. Kimya. Tukaandika tena, tukawapigia watu wa idara ya kumbukumbu, hatimaye zikaja kurasa zilizopigwa picha kwa upande, nusu zina kivuli cha mkono wa mtu. Daktari alizisoma polepole, akazungushia mstari mmoja kalamu nyekundu. Waliona ngiri ndogo kwenye kiwambo, msuli unaotenganisha kifua na tumbo, pale mrija wa kushushia chakula unapopita kuingia tumboni, wakaiacha bila kuishona.

Aliyepasuliwa hivi karibuni aiombe ripoti yake sasa, wakati waliomhudumia bado wapo.

Kisha vipimo. Kwenye eksirei nilisimama nikinywa dawa nyeupe nzito yenye ladha ya chokaa, mtaalamu anatazama inavyoshuka. Halafu meza ikalazwa. Niliiona mwenyewe kwenye skrini ile nyeupe inageuka na kupanda kurudi kifuani. Nililia pale pale, na hayakuwa machozi ya uchungu. Muda wote ule wa kuambiwa sijizuii, na jambo lenyewe lilikuwa linaonekana kwa macho. Kamera ikathibitisha: sehemu ya tumbo imepanda juu ya kiwambo, na sehemu ya chini ya koo la chakula ina vidonda vya asidi. Slivu yenyewe haikuwa imetanuka sana. Kama ningekubali tarehe ya yule wa kwanza akanipunguzia mrija uwe mwembamba zaidi, asidi ingepata nguvu zaidi ya kupanda, maana mrija mwembamba ndio wenye msukumo mkubwa ndani yake.

Kwa hali yangu, akanieleza, njia ni baipasi. Wanatenga kifuko kidogo juu, cha kama mililita 30, wanakiunganisha na utumbo mwembamba. Kifuko hicho hutoa asidi kidogo sana, na nyongo inakutana na chakula mbali huko chini. Niliuliza kwa nini si ile baipasi ya muungano mmoja, ambayo nilisikia ni fupi na nafuu. Akasema kwa ile nyongo inaweza kupanda juu, na koo langu tayari limeumia. Akanieleza pia bila kuficha kwamba upasuaji wa pili una hatari zaidi ya kuvuja kuliko wa kwanza kwa sababu ya makovu, na kwamba uzito kwa kawaida haushuki kama mara ya kwanza. Nilitaka kuyasikia hayo mapema, niyapime nikiwa nyumbani na akili yangu.

Kwenye kamera walichukua pia vipande vya kupima H. pylori, bakteria wa vidonda vya tumbo, ambaye huku kwetu ni wa kawaida mno. Nikakutwa naye. Lazima afe kabla ya baipasi, kwa sababu baadaye sehemu kubwa ya tumbo inabaki pembeni na kamera ya kawaida haifiki tena kule. Nikanywa dawa zake siku 14. Ugumu ulikuja kwenye kuhakikisha kwamba amekufa: unasubiri wiki 4 baada ya antibiotiki, na wiki 2 kabla ya kipimo cha choo unaacha omeprazole, dawa ya kupunguza asidi, maana humficha yule bakteria. Kwa mtu mwenye kiungulia kama changu, wiki hizo mbili ni mateso.

Nilizivuka hivi. Chakula cha mwisho nilikula kabla ya magharibi. Chai, soda na pilipili nikaviweka kando kabisa. Daktari aliniruhusu dawa ya maji ya kutuliza asidi. Lakini kilichoniokoa ni matofali. Mito mingi hukunja tumbo na kulibana, asidi inazidi. Mume wangu alinyanyua kitanda upande wa kichwani akaweka tofali chini ya kila mguu, kitanda kizima kikawa na mteremko, mwili wangu umelala umenyooka. Usiku wa kwanza nilikuwa nateleza kuelekea miguuni mpaka tukaweka blanketi lililokunjwa chini ya mapaja. Baada ya hapo nililala. Kipimo kikatoka safi.

Damu nayo ilikuwa na mambo yake. Hemoglobini haikuwa mbaya sana, lakini feritini, yaani akiba ya madini ya chuma, ilikuwa chini kabisa, na vitamini B12 ilikuwa mpakani. Baipasi inaruka sehemu ya utumbo inayonyonya chuma na kalsiamu kwa wingi. Ukiingia akiba imekwisha, kuijaza baadaye ni kazi ngumu. Nilianza vidonge vya chuma na chungwa, mbali na chai, kwa sababu chai inazuia chuma kuingia mwilini, na sisi huku chai iko kwenye kila mlo. Vidonge vilipokuwa vinakwenda polepole, wakaniwekea chuma kwa dripu, na B12 kwa sindano. Tarehe ikaahirishwa kwa ajili hiyo. Ndugu zangu walikasirika. Mimi niliona daktari anayeahirisha kwa sababu ya feritini ni daktari wa kukabidhiwa mwili.

Dawa za maumivu zinahitaji neno lake. Hapa mpakani kila mbeba mzigo ana diklofenaki mfukoni, na mimi pia niliitumia kwa mgongo. Mwenye baipasi haimfai tena, wala ibuprofeni, kwa sababu huleta kidonda pale utumbo ulipounganishwa, na kidonda hicho kinaweza kutoboka. Aspirini ni kwa amri ya daktari tu. Nilikwenda kwa dada wa duka la dawa mtaani kwetu nikamwambia, "Mdogo wangu, hata nikija nalia, mimi unipe panadoli tu." Pia niliandika kadi nikaiweka nyuma ya simu, ndani ya kava: nina baipasi, nisidungwe diklofenaki. Nikianguka na boda boda leo nikapelekwa kituo chochote cha afya, sindano ya kwanza itakayofikiriwa ni hiyo.

Uzazi wa mpango nao hushughulikiwa kabla. Baada ya baipasi unashauriwa usishike mimba kwa miezi 12 hadi 18, na vidonge vya kumeza haviaminiki sana kwa sababu unyonyaji umebadilika. Tulizungumza na mume wangu, nikaweka kijiti cha mkononi kwenye kituo cha afya.

Kuhusu fedha nitasema kidogo tu. Tulikopa kwenye sacco. Usiulize bei peke yake, uliza bei hiyo haina nini ndani yake: chumba cha wagonjwa mahututi, kurudishwa thieta ikitokea kuvuja, siku za ziada. Halafu piga hesabu ya vitamini na vipimo vya damu vya maisha yako yote, kwa sababu hizo haziishi.

Wiki 2 za mwisho ni za ini. Unakula chakula kidogo chenye protini na karibu hakuna wanga, ili ini litumie akiba yake ya sukari na maji na lisinyae. Ini limelala juu ya tumbo, na mpasuaji lazima alinyanyue ili afike chini. Kwa aliyekwisha kupasuliwa huwa limeshikana na makovu, na ini kubwa lenye mafuta huchanika kirahisi. Nilikula mayai, samaki wa kuchemsha, mukene (dagaa) wa kukausha, mtindi usio na sukari, na mboga. Matoke, posho, mihogo na chapati nikawapikia wengine.

Mama mkwe wangu, tunayekaa naye, alivumilia kidogo akashindwa. Alinikuta jikoni napakua matoke ya watoto, sahani yangu ina yai na sukuma. "Mwanangu, hawa watu wanakushindisha njaa halafu wakukate? Utapata wapi nguvu ya kupona?" Nikaketi naye chini. "Mama, ini langu limenenepa. Daktari atalinyanyua kwa chuma. Likiwa jepesi halitachanika." Alinyamaza, akauliza ini linapenda nini. Kesho yake alinipikia mchuzi wa sangara mwepesi, hauna mafuta wala karanga, akasimama pale hadi nikamaliza. Wiki hizo kulikuwa na matanga ukoo wa mume wangu. Ni yeye aliyewaambia wenzake kwamba mkwe wake ana dawa, asilazimishwe kula. Bila yeye ningeshindana na kila shangazi peke yangu.

Wakati huo huo nilifanya mazoezi ya kula kama mtu wa baipasi: kutafuna mpaka kitu kiwe uji mdomoni, kutokunywa maji pamoja na chakula, kusubiri nusu saa ndipo ninywe, kuanza na protini. Sukari niliiacha kabisa, kwa sababu kwenye baipasi ikishuka ghafla utumboni unapata jasho, moyo kwenda mbio na kuhara. Nilitembea pia kila alfajiri kabla ya kufungua duka, na nikapuliza kile kidude cha mazoezi ya mapafu walichonipa.

La mwisho ni mahali pa kukaa. Busia mpaka Kampala ni safari ya saa kadhaa, na foleni ya Mukono hujui itakushika muda gani. Dalili za kuvuja, yaani homa, mapigo ya moyo kwenda mbio, maumivu ya bega la kushoto, kushindwa kupumua vizuri, hazisubiri basi. Kwa hiyo nilipanga kabla nikae kwa dada yangu Kireka baada ya kutoka hospitali, na yeye nikamwandikia dalili hizo ukutani karibu na mlango, pamoja na namba ya wodi. Dereva wa teksi wa jirani alijua anaweza kuamshwa usiku.

Thieta nilikaa muda mrefu kuliko India, kwa sababu ya makovu na ile ngiri waliyoishona. Sasa napima damu kama nilivyopangiwa, kila baada ya miezi 3 mwaka huu wa kwanza. Kalsiamu yangu ni ya sitreti, ambayo haihitaji asidi nyingi kuyeyuka; Busia siipati, dada hunitumia kwa basi, na naimeza mbali na chuma kwa saa 2 kwa sababu vinagombania njia. Ile barua pepe tuliyoiandikia hospitali ya India bado ninayo. Mwenye kuihitaji aombe, nitampa maneno yake abadilishe jina na namba tu.