Siku yangu Rishikesh: kutembeza wageni mbali na foleni

Ukisema unatembeza wageni Rishikesh, watu huona kazi ya kusimama kando ya mto Ganga, kunyoosha kidole kwenye daraja na kupokea bahashishi. Mji huu uko kaskazini mwa India, pale mto unapotoka milimani na kuingia nchi tambarare, na sifa zake zimeenea: yoga, boti za mpira zinazoruka mawimbi, na wanamuziki wa Beatles waliokuja Februari 1968 kujifunza kutafakari. Yote yapo. Lakini anayekuja kwa hayo matatu tu, tena mwishoni mwa wiki, hurudi kwao na picha za visogo vya watu. Kazi yetu hasa ni kupanga saa: mahali gani pafikiwe lini, na lini pasikanyagwe kabisa.

Hii ni Jumamosi ya Novemba. Saa nazihesabu Kiswahili, kwa majira ya India, ambayo yako mbele ya Nairobi na Dar kwa saa 2 na nusu.

Saa 10 alfajiri

Chai, kisha simu kwa dereva hadi nisikie sauti yake. Ujumbe wa jana usiku hautoshi, kwa sababu dereva aliyelala ni mawio yaliyopotea. Halafu wageni. Wengi wanaonipata kwa Kiswahili ni wanafunzi wa Dehradun, mwendo wa kilomita 45 hivi, au ndugu waliomsindikiza mgonjwa Delhi wakapata siku mbili tatu za kupumua, au familia za Wahindu wa Mombasa, Nairobi na Dar waliokuja kuhiji. Wote nawakumbusha yale yale: sweta, maji lita 2 kila mmoja, viatu vyenye soli ya meno, kucha za miguu zilizokatwa. Hilo la kucha huwashangaza mpaka tuanze kuteremka.

Saa 11 kasorobo

Tunapanda kwa gari kupitia Narendranagar hadi Hindolakhal, kisha tunaacha barabara kuu na kufuata ile ya mlimani hadi hekalu la Kunjapuri. Ni kilomita 25 hivi za kona tupu. Anayechefuka hukaa mbele, na hakuna anayekula kabla ya kufika.

Saa 12 asubuhi

Ngazi 308, polepole. Tuko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari na upepo unakata. Jua hutoka kama saa 1 kasorobo, nalo ndilo lililozileta teksi zote zilizo chini. Dakika kumi baada ya jua kuchomoza, wengi wameshashuka kurudi garini. Hapo ndipo sisi tunapokaa. Mwanga wa mwanzo hugonga theluji kwa mbali na macho bado hayajaizoea. Ukisubiri nusu saa, milima inajitenga mmoja mmoja, Bandarpunch, Swargarohini, na Chaukhamba yenye mita 7,138. Hekaluni nako kunatulia. Kuhani ana nafasi ya kumweleza mtu kwa nini mahali hapa ni patakatifu: kwa imani ya Wahindu, mwili wa mungu mke Sati ulipoanguka vipande vipande duniani, kifua kiliangukia hapa.

Saa 1:30

Gari linarudi tupu, sisi tunashuka kwa miguu hadi mtoni. Njia hii wageni wengi hawaijui, wala hoteli haziitaji, kwa kuwa teksi haipati kitu hapo. Ni saa 4 hadi 5 za kuteremka zaidi ya mita 1,200 kupitia msitu, vijiji na mashamba ya ngazi, mpaka maporomoko ya Neer Garh na barabara kuu juu ya mtaa wa Tapovan.

Kushuka ndiko kunakoumiza. Mgeni anayepanda vizuri hudhani mteremko ni zawadi. Baada ya saa moja mguu umeteleza mbele ndani ya kiatu na vidole vinagonga ncha kila hatua. Ukucha mrefu huvilia damu ukawa mweusi. Kwa hiyo kabla hatujaanza nawakalisha wote: kisigino kirudi nyuma kabisa, kamba ilegee juu ya vidole na ikazwe kwenye kifundo. Hatua ziwe fupi, goti lisinyooke likafunga. Penye sindano za misonobari zilizokauka tunapita kiubavu, maana zinateleza hata kwa soli nzuri, na anayeegemea nyuma kwa woga ndiye anayeanguka wa kwanza. Mikongojo miwili ni bora kuliko mmoja, mirefu kidogo kuliko ya kupandia. Kuanzia Julai hadi Septemba sipeleki mtu huku: mvua hula njia, ruba hujaa majanini, na udongo wa kingo hukatika bila taarifa.

Katikati ya njia tunakula. Nyumba huagizwa siku moja kabla, kwa sababu ni nyumba ya watu. Viatu nje, mama mwenye nyumba unamwita mata-ji, yaani mama kwa heshima, na malipo anapewa yeye mkononi, si kijana aliyetuonyesha njia. Chakula ni mkate wa mandua, na mandua ni ulezi ule ule, wimbi kwa Wakenya. Asili yake ni nyanda za juu za Afrika Mashariki, ukavuka bahari zamani sana na kukaa katika milima hii. Mtu wa Kisii au Moshi akiuona unga ule wa kahawia hauulizi ni nini. Tazama unavyotengenezwa: donge hutandazwa kwa viganja, si kwa mpini wa chapati, kwa kuwa unga wa ulezi hauna unato wa ngano na ukisukumwa hupasuka kingoni. Huanzia kwenye tawa, kikaango bapa, humalizikia kwenye makaa hadi ututumke kidogo, halafu hupakwa samli. Unaliwa na sukari guru na majani mabichi yaliyopikwa. Kwangu mimi, hicho ndicho kifungua kinywa cha maana kuliko vyote mjini, na hakimo kwenye orodha ya mkahawa wowote wa Tapovan.

Saa 7 mchana, barabarani

Sasa magoti yanatetemeka na ndipo Jumamosi yenyewe inapoanza. Barabara ya Tapovan ndiyo barabara kuu ya kwenda Badrinath, mji wa hija milimani. Inabeba mabasi ya mahujaji, malori ya jeshi, malori ya ujenzi, magari ya jeep yenye boti za mpira zilizofungwa juu, pikipiki za kukodi, na magari yaliyotoka Delhi usiku, umbali wa kilomita 240 hivi. Hakuna pa kuipanua: upande mmoja mlima, upande mwingine mto. Gari moja likijaribu kugeuka mbele ya mkahawa, kila kitu kinasimama hadi daraja linalofuata. Kilomita 3 zinaweza kula saa nzima, na honi hazinyamazi hata sekunde.

Ni hapo hapo ambapo mgeni wa orodha hutoa simu. Yumo karibu katika kila kundi, na simlaumu, kwa sababu ametumia nauli nyingi kufika. Orodha inasema: daraja la Lakshman Jhula, boti, kuruka kwa kamba, Beatles, taa za jioni. Zote leo. "Kaka, hapo darajani si karibu tu? Tupige picha moja twende."

Namweleza nikiwa nimesimama kwenye vumbi, na wenzake wakiwa wameketi juu ya ukuta. Lakshman Jhula lilifunguliwa mwaka 1930, baada ya lile la awali kusombwa na mafuriko ya 1924. Mwaka 2019 wahandisi waliona limechoka, magari yakapigwa marufuku, na mwaka 2022 hata waenda kwa miguu wakazuiwa. Picha za watu wakivuka juu yake bado zinazunguka mtandaoni, ndiyo maana wageni bado wanalidai. Anasikia, anakubali, halafu anauliza boti. Boti ya kutoka Shivpuri ni kilomita 16 za mto, na majini kwenyewe haichukui muda mrefu. Kinachokula siku ni foleni ya kujiandikisha, kungoja jeep, jeep kukwama kwenye barabara hii hii, kungoja kofia na jaketi. Tena kupiga kasia kunataka mapaja yaliyo imara, maana unajishikilia kwa kubana miguu ndani ya boti, na mapaja yake yamekwisha tangu saa 5. Akitaka boti aje Jumanne au Jumatano asubuhi. Anauliza kama hakuna njia ya mkato. Namjibu kwa heshima kwamba njia ya mkato ndiyo hii tuliyosimama juu yake.

Mazungumzo haya hunichosha kuliko mlima. Mlima unaupangia pumzi. Hapa unampunguzia mtu matarajio aliyoyabeba kutoka mbali, ukiwa na njaa, na huku dereva wa bajaji anamnong'oneza kwamba yeye atampeleka kote kwa bei nafuu. Atampeleka, kweli, hadi kwenye duka la shanga linalompa yeye kamisheni. Kuhusu shanga hizo za rudraksha, mbegu za maombi ambazo mistari yake huzigawa katika nyuso: yenye nyuso tano ni ya kawaida na bei yake ni ndogo. Anayekuuzia yenye uso mmoja kwa bei ya simu, ile yenye umbo la korosho, usimpe pesa siku hiyo hiyo. Nyingine huwa zimechongwa au kugundishwa, na zilizogundishwa huachana zikichemshwa majini.

Kinachotuokoa ni kuacha barabara. Tunashuka kwenye vichochoro vya kando ya mto na kwenda kwa miguu hadi mtaa wa Muni Ki Reti, kisha tunavuka mto kwa daraja jipya la Janki Setu, lililofunguliwa mwaka 2020. Ni pana, na watu wana njia yao mbali na pikipiki. Mfuko wa plastiki unaoonyesha ndizi usibebwe mkononi darajani. Nyani wekundu hapa hawaombi. Wale wa kijivu wenye uso mweusi ni wapole zaidi, ila nao wasilishwe.

Chakula cha mchana ni wali, dengu na chapati upande wa Swargashram, ng'ambo ya mto. Nyama na pombe hazipo katika eneo takatifu la mji, na hili nalisema tangu wanapoweka nafasi ili asiwepo wa kununa mezani.

Alasiri

Kituo cha Beatles chenyewe kinaitwa Chaurasi Kutia, vibanda 84, na kiko ndani ya hifadhi ya simbamarara ya Rajaji. Idara ya misitu ilikifungua kwa umma Desemba 2015. Watu hukimbilia ukumbi wenye michoro ya ukutani, wakapiga picha na kutoka. Sisi tunaanzia mwisho, kwenye vile vibanda vya kutafakari: vyumba vidogo vya kuba, vilivyovikwa mawe ya mviringo yaliyookotwa mtoni. Ingia kimoja, keti, sema neno kwa sauti ya chini uone kuba linavyokurudishia. Ndipo mtu anapoelewa mahali hapa palijengwa kwa kazi gani. Wageni kutoka nje hulipa kiingilio kikubwa mara kadhaa kuliko raia, na lango hufungwa mapema kwa sababu jioni tembo hupita. Mlinzi akisema toka, unatoka.

Njiani kuna fukwe za mchanga mweupe zinazomvuta kila aliyechoka. Hadi gotini, basi. Maji ya juu yanaonekana yametulia, lakini mchanga hukatika ghafla na mkondo wa chini ni mkali. Tena kina hupanda bila mvua, mabwawa ya juu yakifungulia maji ya umeme. Anayetaka kuzama mwili mzima kwa ibada aende kwenye ngazi zenye minyororo, aishike.

Jua likianza kuzama, umati unajipanga mbele ya Parmarth Niketan, ashram (makao ya watawa) iliyo mtoni, kwa ibada ya taa. Mimi huwavusha wageni wangu kurudi upande wa Muni Ki Reti na kuwakalisha ng'ambo, chini kabisa mtoni. Nyimbo zinasikika vizuri juu ya maji na taa zote unaziona kwa pamoja. Viatu vifungwe pamoja na viingie kwenye mkoba wako, maana kwenye rundo havipatikani. Kikapu cha majani chenye maua na utambi usikirushe. Inama, kiweke kwenye maji yanayoondoka. Ukikiweka kwenye maji yanayozunguka nyuma ya ngazi kitarudi miguuni pako na kuzimika.

Mwenye nguvu iliyobaki nampandisha hadi ashram ya Sivananda, juu kidogo ya pale. Swami Sivananda alikuwa daktari Malaya kabla ya kuja hapa, na ndani ya ukumbi wa Bhajan Hall jina la Mungu limekuwa likiimbwa bila kukatika, kwa zamu, usiku na mchana, tangu Desemba 1943. Huhitaji tiketi. Vua viatu, zima simu, keti nyuma. Kwa maoni yangu hakuna kitu Rishikesh kinachomweleza mgeni mji huu upesi kuliko hicho, na mara nyingi mgeni wa orodha ndiye wa mwisho kuinuka.

Usiku

Malipo, hesabu ya dereva, miguu kwenye beseni la maji ya chumvi. Kesho Jumapili barabara itakuwa mbaya zaidi, na mmoja wa wageni ana goti linalomsumbua, kwa hiyo hatupandi. Tunakwenda Vashishta Gufa, pango la kutafakari lililo kilomita 25 hivi kuelekea Badrinath, alikoishi Swami Purushottamananda hadi alipofariki mwaka 1961. Mle ndani ni giza na taa moja. Macho yanataka dakika kumi kuzoea, na wengi hutoka kabla ya hapo. Mchana hufungwa kwa saa kadhaa. Dereva nimemwambia saa 1 kamili asubuhi, na nitampigia saa 12.