Akamsihi Apande, Aketi Pamoja Naye

Wapendwa katika Bwana, amani ya Kristo Mfufuka iwe pamoja nanyi.

Kuanzia Pasaka hadi Pentekoste makanisa mengi husoma kitabu cha Matendo ya Mitume mfululizo. Desturi hiyo ni ya kale, na kwetu sisi tunaoishi Minnesota huangukia wakati theluji inayeyuka, miti inachipua, na madirisha yaliyofungwa tangu Novemba yanaanza kufunguliwa. Katika masomo hayo nimechagua sura ya nane kwa ajili ya ndugu wa aina moja ambao hawakosekani katika jumuiya yetu, yaani wapenda vitabu: wale ambao rafu zao zimejaa, wana masanduku ya vitabu chini ya kitanda, na daima kuna kitabu kilichoachwa kifudifudi kando ya jiko. Mimi ni mmoja wao, kwa hiyo siwasemi kwa mbali.

Luka, mwandishi wa kitabu hicho, anatupa habari za mtu wa Kushi, towashi, yaani mwanamume aliyehasiwa, mwenye mamlaka chini ya Kandake malkia wa Kushi, aliyewekwa juu ya hazina yake yote. Nchi yake ilikuwa kusini mwa Misri, kandokando ya mto Nile, katika Sudan ya leo, na mji wake mkuu ulikuwa Meroe. Alikuwa amekwenda Yerusalemu kuabudu, naye alirudi kwa njia ya jangwa iteremkayo kwenda Gaza, ameketi garini mwake, akisoma chuo, yaani kitabu, cha nabii Isaya. Chuo kama hicho hakikuwa mali ya kila mtu, kwa kuwa vyote vilinakiliwa kwa mkono na gharama yake ilikuwa kubwa. Alisoma kwa sauti, kama wengi walivyosoma zamani hizo, na ndiyo maana Filipo, mhubiri wa Injili, alipokuja mbio kando ya gari alimsikia, akamwuliza: "Je! Yamekuelea haya unayosoma?"

Litazameni swali hilo kwa upande wa aliyeulizwa. Mtu wa cheo, yuko safarini, amezama katika kitabu chake, anakatizwa na mtembea kwa miguu asiyemjua, na huyo anamwuliza kama anaelewa. Kila mpenda vitabu anajua jinsi moyo unavyochemka hapo. Lakini yeye akajibu, "Nitawezaje kuelewa, mtu asiponiongoza?" kisha akamsihi Filipo apande, aketi pamoja naye. Mahubiri mengi husifu utii wa Filipo, na ni haki yake; mimi namstaajabia zaidi yule aliyekuwa garini, ambaye alikipenda kitabu chake na bado akaona nafasi ya mtu mwingine juu ya kiti.

Wakati wa baridi mpenda vitabu ana udhuru, kwa kuwa nje hakuendeki, giza linaingia mapema, na hakuna anayemlaumu kwa kukaa chini ya taa jioni nzima akiwa amejifunika blanketi. Majira ya kuchipua huuondoa udhuru huo kidogo kidogo. Mwezi wa Machi saa husogezwa mbele, mchana hurefuka kwa kasi ambayo sisi tuliokulia karibu na Ikweta hatukuizoea, na ifikapo Juni mchana hukaribia saa 15 na nusu, hata jua huzama saa tatu usiku, maneno ambayo kwa hesabu ya saa ya Kiswahili hayapaswi hata kuwezekana. Mwangaza huo wote, ambao msomaji angedhani amepewa yeye kwa ajili ya kurasa zaidi, huja pamoja na madai yake. Makoti mazito na viatu vya theluji vinataka kusafishwa na kuhifadhiwa. Katikati ya Mei, hofu ya jalidi ikiisha, bustani inataka sukuma wiki na mchicha. Zinafuata sherehe za mahafali za watoto wa ndugu zetu, Jumamosi baada ya Jumamosi. Na mapema Juni shule zinafungwa, watoto wanakuwa nyumbani kutwa nzima, kila mmoja na swali lake.

Ndipo anapojulikana mpenda vitabu ni mtu wa namna gani. Wapo wanaoitikia "naam" bila kuinua macho, na watu wa nyumbani wanaijua sana "naam" hiyo, kwamba haimaanishi chochote. Ikitokea ameitwa mara ya tatu, hufunga kitabu kwa kishindo ili wote wasikie kwamba amedhulumiwa. Dhambi hii haitajwi mara nyingi kanisani, kwa sababu kusoma ni jambo la heshima, na anayesoma Neno la Mungu kwa namna hiyo huheshimiwa zaidi, ijapokuwa mwenzake wa ndoa ameketi chumba hichohicho bila wa kuzungumza naye.

Mtakatifu Agostino anatueleza jambo linalokaribiana na hili. Alipokuwa Milano katika miaka ya 380 alikuwa akimtembelea askofu Ambrosi, ambaye mlango wake ulikuwa wazi kwa kila mtu, wala hapakuwa na haja ya mgeni kutangazwa kwanza. Lakini walioingia walimkuta akisoma kimya, macho yakipita juu ya kurasa huku ulimi umetulia, basi wakakaa muda mrefu bila kuthubutu kumsumbua, kisha wakaondoka. Agostino alijaribu kukisia sababu ya ukimya ule, na moja aliyoitaja ni kwamba huenda Ambrosi alihofia kwamba akisoma kwa sauti, msikilizaji makini angemtaka afafanue mahali pagumu, na muda wake wa kusoma ungepungua. Agostino hakumlaumu, nami sithubutu kumlaumu mtakatifu ambaye watu walimzonga kwa shida zao kutwa nzima. Hata hivyo nadhani wengi wetu tumeuiga ukimya wa Ambrosi bila kuwa na kazi za Ambrosi, na kile alichokihofia, yaani kuulizwa maana na aliye karibu, ndicho hasa kilichomletea wokovu yule mtu wa Kushi.

Mtume Paulo naye alipenda vitabu. Anamwagiza Timotheo amletee joho aliloliacha Troa kwa Karpo, na vile vitabu, hasa vile vya ngozi, tena ajitahidi kufika kabla ya wakati wa baridi, ombi ambalo anayekaa huku kwetu hahitaji kufafanuliwa. Ila usomeni mpangilio wa sura hiyo ya nne ya waraka wa pili kwa Timotheo: kwanza anamtaka Timotheo mwenyewe aje upesi, kisha Marko aletwe, ndipo zinafuata habari za joho na vitabu.

Sisemi tusome kidogo. Nasema turudishe sauti nyumbani. Familia zetu nyingi hapa zina mzee aliyekuja kukaa na watoto wake, ambaye macho yamechoka na Kiingereza hakimwingii, na zina mtoto anayesoma Kiingereza upesi huku Kiswahili chake kikisuasua. Nyumbani kwetu, jioni hizi ndefu, mjukuu humsomea bibi yake hadithi ya Kiingereza na kumweleza kwa Kiswahili anachoweza, na bibi humsikiliza akisoma Matendo katika Biblia ya Kiswahili huku akimsahihisha matamshi. Usomaji huo huenda polepole mno kwa mtu aliyezoea kumaliza kitabu kwa siku mbili. Bibi hukatiza katikati ya aya kutaka kujua huyo Feliki ana mamlaka gani ya kumweka Paulo gerezani miaka miwili, na jibu humtaka kila aliye sebuleni afikiri. Hapo kiongozi wa njia hubadilika kila dakika: mara ni mtoto, mara ni mzee, na mwenye rafu ya vitabu huketi chini akasikiliza.

Kwa wiki hii, basi, someni Matendo 8:26-40 kwa sauti mkiwa pamoja, na msiishie hapo. Fungu alilokuwa akilisoma yule towashi liko Isaya 53. Mkiendelea katika chuo hichohicho mtafika baada ya muda mfupi kwenye sura ya 56, ambako Bwana anakataza mgeni aliyeambatana naye asiseme kwamba atatengwa na watu wake, wala towashi asiseme, "Mimi ni mti mkavu," na anawaahidi matowashi wanaolishika agano lake jina lililo jema kuliko kuwa na wana na binti, tena ndani ya nyumba yake. Luka hatuambii kama mtu wa Kushi alikuwa amekwisha kuyaona maneno hayo. Anasema tu kwamba alikwenda zake akifurahi, na njia ya kwao ilikuwa ndefu. Isomeni sura hiyo hadi aya ya 8, na kabla ya yeyote kuifafanua, mzee aliyeko nyumbani na mtoto aliye mdogo kuliko wote waulizwe wameielewaje.