Bwana afya kapita mtaani kwetu

Leo asubuhi bwana afya wa kata kapita nyumba kwa nyumba hapa Makorora, yeye na mwenyekiti wa mtaa. Nimefurahi sana, niseme ukweli. Kwa bibi jirani yetu akaamkia, akaomba ruhusa, akaenda moja kwa moja uani. Kuna tairi kuukuu limetuama maji ya mvua. Akamulika kwa tochi ya simu: "Bibi, hebu njoo uone." Viluwiluwi vya mbu tele, vinajipindapinda!

Akatueleza kwamba mbu wa dengue huuma mchana, kwa hiyo neti ya usiku peke yake haitoshi. Na mayai yake hustahimili ukavu kwa miezi, yamegandia ukutani mwa pipa au ndoo. Ukimwaga maji bila kusugua, bado. Mlipuko wa 2019 uliifikia Tanga yetu jamani, tusisahau.

Mwenyekiti naye akagusia ulinzi shirikishi na ile taa ya kichochoroni iliyozima. Hiyo naiombea sana, mabinti wanapita pale wakitoka tuisheni usiku.

Jumamosi tunazibua mtaro. Mwenye chepeo au reki aje nayo.