Nilivyotunga maswali ya shindano la vitabu hadi waliosoma wakashinda

Nina furaha na sifichi. Shindano la vitabu la maktaba yetu hapa Dodoma limekwisha bila ugomvi, na walioondoka na zawadi ndio waliosoma. Mwaka uliotangulia walishinda waliokariri majalada.

Nilipokabidhiwa kazi ya maswali, kila mtu alikuwa na ushauri. Mwalimu mmoja mstaafu aliniambia, "Usijisumbue, mwanangu. Weka miaka na majina ya waandishi, hayo hayana ubishi." Ushauri huo uliniudhi. Mtoto ukimuuliza Kusadikika cha Shaaban Robert kilitoka mwaka gani, atakujibu 1951 hata kama hajafungua ukurasa wa kwanza. Mimi niliuliza Karama, mhusika mkuu wa kitabu hicho, alishtakiwa kwa kosa gani. Hapo asiyesoma hana pa kujificha, kwa sababu kosa lenyewe halikisiki: alitaka watu wafundishwe uanasheria.

Lakini kilichoniokoa ni kijana wa bodaboda anayeegesha nje ya maktaba. Ana akili nyepesi, ila vitabu vyetu hajavisoma. Nikampa soda, tukakaa kivulini, nikamsomea maswali ya kuchagua ya mwaka uliopita. Akapata la kwanza, la pili, la tatu! Nikamuuliza kama amewahi kukisoma kile kitabu.

"Sijakisoma, dada. Mimi nachagua lile refu. Aliyeandika kalipamba jibu la kweli, hayo mengine kayatupia tu."

Nikayatazama upya, na kweli, karibu kila jibu sahihi lilikuwa na maneno mengi kuliko wenzake. Nikaketi kuyaandika yote upya: majibu yawe na urefu mmoja, na yale ya uongo yatoke ndani ya kitabu hichohicho. Kusadikika ina wajumbe sita waliotumwa pande mbalimbali, basi nikawachanganya hao hao. Nikamrudia kijana wangu, jioni baada ya jioni. Akipatia, namuuliza kajuaje. Akinieleza hila, swali linarekebishwa au linatupwa. Siku aliyokuna kichwa na kusema, "Hapa sasa nabahatisha," nilipiga makofi peke yangu. Kama unatunga maswali, mtafute mtu wa namna hiyo kabla hujatafuta profesa.

Maswali ya "yupi si" niliyaondoa yote. Ukumbi wetu una bati, na upepo wa Dodoma ukianza, watoto wa nyuma wanasikia "yupi ni".

Kuna swali moja nililolikuta limeandikwa hivi: "Mwalimu Nyerere alitafsiri tamthilia gani ya Shakespeare?" Karatasi ilikuwa na jibu moja, Mabepari wa Venisi. Je, timu ikitaja Juliasi Kaizari? Na ukijaribu kuliokoa kwa kuuliza mwaka, umezidisha matata, kwani tafsiri hiyo ya Juliasi Kaizari ilitoka 1963, kisha Mwalimu akaipitia na ikatoka tena 1969. Nikaandika, "Taja tamthilia mbili za Shakespeare alizotafsiri Mwalimu," likatulia.

Swali nililolipigania ni la Mathias Mnyampala. Watoto wetu wanaimba ngonjera kwenye kila mahafali mbele ya mgeni rasmi, na hawajui kwamba mshairi aliyezivumisha nchi nzima alikuwa Mgogo wa hapa hapa, aliyefariki 1969. Mwenzangu alitaka tuulize nani alianzisha ngonjera. Nikakataa, maana ubishi wa nani alianza hauishi. Tukauliza ni mshairi gani mzaliwa wa Dodoma anayejulikana kwa kuzieneza.

Gharama hazikuwa kubwa: manila, kalamu za rangi, kudurufu na soda za kijana wangu, yote ni chini ya posho ya kikao kimoja. Kila kadi niliandika swali, majibu yote yanayokubalika, ukurasa na toleo la kitabu. Toleo usilisahau, kwa sababu kitabu kikipangwa upya kurasa zinahama. Vitabu vyenyewe nikaviweka mezani kwa waamuzi.

Siku yenyewe mwalimu wa timu moja alisimama kupinga jibu, sauti juu. Mwamuzi akatazama kadi, akafungua ukurasa, akasoma mistari miwili kwa kipaza sauti. Mwalimu akaketi. Baada ya shindano alinifuata mlangoni, akaniomba orodha ya vitabu vya mwakani ili wanafunzi wake waanze kusoma mapema. Nilimwandikia papo hapo, nyuma ya kadi.