Siku Tuliyotoboa Kibano cha Shokapu

Pikipiki niliyokuwa nikiiunda nyumbani ilikuwa na fremu ya mabomba ya chuma niliyoichomelea mwenyewe, injini ya silinda moja, na shokapu za mbele zilizotoka kwenye pikipiki kubwa zaidi. Shokapu hizo zilikuja na kibano cha chini peke yake. Cha juu, yaani kile kipande kinachoishika miguu yote miwili karibu na usukani, hakikuwapo, na vya kiwandani nilivyovipima havikulingana na fremu yangu. Niliamua kukichonga kwa alumini.

Rafiki yangu alishauri tuyeyushe pistoni chakavu na kumimina kipande hicho kwenye kalibu ya mchanga. Ushauri wake ulikuwa na msingi, kwa sababu alumini ya pistoni ina silikoni nyingi na hutiririka vizuri ikiyeyuka. Lakini silikoni hiyo hiyo huifanya ivunjike ghafla badala ya kupinda kwanza, na umiminaji wa mchanga huweza kuacha ndani vitundu vya hewa ambavyo jicho halivioni. Gurudumu la mbele sikuwa tayari kulikabidhi kwa kitu cha namna hiyo. Nilinunua bamba la aloi (mchanganyiko) ya alumini iitwayo 6061, lililoimarishwa kwa joto hadi daraja la T6, lenye unene wa milimita 30. Aloi ya 7075 ina nguvu zaidi, karibu mara mbili, ila huliwa upesi na unyevu na chumvi, na kwa unene ule nguvu haikuwa tatizo.

Kazi ya kutoboa niliifanya kwa mzee mmoja, fundi mkereza wa miaka mingi, aliyenikubalia kutumia mashine yake. Nilimwamkia, naye akaitikia huku tayari amekwisha kulichukua bamba na kulipitisha kidole kwenye kingo zake. Kwenye kibano cha chini, umbali kati ya vitovu vya matundu mawili ulikuwa milimita 200. Cha juu kililazimika kuufuata umbali huo kwa usahihi, kwani hitilafu ndogo tu ingeilazimisha miguu ya shokapu kuinamiana au kuachana, na shokapu zilizoinama hukwama zinapobonyea.

Tulianza kwa keekee, kisha tukapanua kila tundu taratibu kuelekea kipenyo cha milimita 41. Alumini ina tabia ya kunata kwenye ncha ya kisu na kuuchubua ukuta wa tundu, kwa hiyo mzee alikuwa akidondosha mafuta ya taa bila kukoma, na nyuzi za alumini zikatoka ndefu na zinazong'aa. Tundu la kwanza lilipokamilika, nilinyoosha mkono kuchukua kipimo ili tulipange la pili. Mzee aliweka kiganja juu ya bamba.

“Bado lina joto, mwanangu. Ukilipima sasa, unapima joto.”

Nilipiga hesabu pale pale. Kila mita ya alumini hurefuka kwa takriban mikroni 23, yaani sehemu 23 za elfu za milimita, kwa kila nyuzi moja ya selsiasi, karibu mara mbili ya chuma. Bamba likiwa limepanda nyuzi 20, umbali wa milimita 200 huongezeka kwa karibu sehemu moja ya kumi ya milimita. Sijapata kuona maelezo yoyote ya uchongaji yaliyonisaidia kuliko kiganja kile. Tulisubiri hadi bamba likalingana na ubaridi wa meza ya mashine, ndipo tukatoboa la pili, na mkato wa mwisho tukauacha mwembamba sana ili usizalishe joto jipya.

Mipasuo ya kubania, ile inayoliruhusu tundu kuubana mguu wa shokapu bolti zikikazwa, tuliikata baada ya matundu kukamilika, maana bamba lililokwisha kupasuliwa hufunguka kidogo na tundu hupoteza uduara. Pembe zote za ndani nilizizungusha kwa tupa niliyoipaka chaki ili meno yake yasizibe. Pembe hizo zilinichukua muda mrefu kuliko kitu kingine chochote, na kwa maoni yangu zilistahili: alumini, tofauti na chuma, haina kiwango cha mkazo ambacho chini yake haichoki kamwe, na ufa wa uchovu hupenda kuanzia kwenye pembe kali. Bolti za chuma cha pua nilizipaka grisi maalumu kabla ya kuzifunga, kwa kuwa metali hizo mbili zikikutana kwenye maji, alumini ndiyo inayolika.

Nilipokipachika, miguu yote miwili ilipenya kwa mkono, bila nyundo, na usukani ukageuka kutoka upande hadi upande bila kusita. Mzee alikagua mipasuo, akaniambia nisizikaze bolti kupita kiasi, kisha akauliza kama bamba lililobaki linatosha kishikio cha breki ya diski. Lilitosha, nasi tukaanza kukichora jioni ile ile.