Jua Langu Lililokataa Kukauka

Akikwambia mtu kwamba mafuta ni mafuta tu, ujue hajawahi kuchora picha ya mafuta. Mimi niliambiwa hivyo na mzee mmoja jirani yetu hapa Walukuba, mjini Jinja, Uganda, fundi wa kuandika mabango, nikamwamini kwa sababu ya mvi zake.

Nilitaka kunakili ule mchoro wa Monet, mchoraji Mfaransa, wa bandari ya Le Havre alfajiri, wa mwaka 1872, ambao sasa uko jumba la makumbusho la Marmottan, Paris. Niliuchagua kwa uvivu. Ukungu, mitumbwi kadhaa, jua dogo la rangi ya chungwa, basi. Tena nikajiona mwenyeji: shuka Masese saa moja kasoro asubuhi, ukungu ukiwa bado umelala juu ya ziwa, utadhani Monet alipita Jinja.

Nikakata marekani, nikaiwamba kwenye fremu ya dirisha la zamani, nikaipaka gundi ya seremala na rangi nyeupe ya ukutani. Tyubu tano za rangi nilizifuata Kampala. Nauli na rangi vilinibakizia hela ya chapati moja. Kwa hiyo mafuta ya kitani ya kuchanganyia rangi, wenyewe wanayaita linsidi, sikununua. Mzee akaniambia, "Kijana wangu, jikoni kwako hakuna mafuta?"

Yalikuwepo. Nikachanganya.

Wiki ya kwanza picha mbichi. Ya pili, mbichi. Nikaianika uani saa sita mchana. Ikarudi na vumbi na nyayo za kuku aliyepita katikati ya bandari. Nikaiingiza chini ya kitanda. Wiki ya tatu sisimizi wamepanga foleni kutoka mlangoni hadi kwenye jua la Monet. Mama watoto akachungulia, akauliza, "Baba, tuikaangie mandazi?"

Baadaye ndipo nilipoelewa kwamba mafuta ya kitani hayakauki kwa kugeuka mvuke kama maji. Yanavuta oksijeni hewani na kugeuka utando mgumu. Ya mawese, yale yangu ya jikoni, ungoje mpaka Krismasi. (Vitambaa vyenye mafuta ya kitani usivikunje ukavitupa pembeni: vinapata joto na vinaweza kuwaka vyenyewe. Vitandaze nje.)

Nikaanza upya, safari hii na linsidi. Mzee akaja na lingine: "Ukungu ni mweupe, ongeza nyeupe." Nikaongeza. Bandari ikawa bakuli la uji. Jua nalo nikalitia njano na nyeupe ling'ae, likawa kiini cha yai juu ya uji. Wiki nzima nahangaika na yai.

Usiku mmoja nikaupiga mchoro wa Monet picha kwa simu kisha nikaigeuza iwe nyeusi na nyeupe. Jua likapotea! Nikafuta kioo, nikatazama tena. Halipo, limezama angani. Kumbe jua lile halina mwanga kuzidi anga lililolizunguka. Linawaka kwa sababu tu ni chungwa katikati ya kijivu cha bluu. Nikaigeuza na yangu: yai liko pale linamulika kama taa ya bodaboda.

Basi nikawa nachanganya kwenye sahani, napiga picha, naiondoa rangi, natazama kama jua limepotea. Mara ya kumi na moja lilipotea. Niliporudisha rangi nilipiga kelele hadi mtoto akaamka. Kijivu chenyewe sikutumia nyeusi wala kidogo: bluu, chungwa tone moja, ndipo nyeupe. Mtumbwi wa karibu uwe mweusi kuliko wa mbali. Na tabaka la kwanza liwe jepesi, lenye tapentaini ya kuzimulia rangi. Mafuta mengi yaje juu, la sivyo rangi ya juu itapasuka.

Picha ilipokauka niliitundika sebuleni. Mzee akaja, akaisogelea, akaipapasa kwa kidole.

"Imekauka. Ulitumia mafuta gani?"

Kwa ajili ya mvi zake nikasema, "Ya jikoni, mzee."

"Si nilikwambia!"